Mkono wa Dirishani

4 Februari

Shangazi, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, ingawa nakujua, wewe huwa hukai. Mimi ni mzima. Kile kikohozi cha mwezi uliopita kimeniaga chenyewe. Goti la baba linaendeleaje? Na mdogo wangu, bwana harusi mtarajiwa, ameshajifunza kufua soksi zake au anamsubiri mke?

Utashangaa kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Shangazi, simu yako unaipokea kwa spika huku mikono yako imejaa dawa ya nywele, na saluni nzima inasikiliza. Mara ya mwisho nilikueleza habari za tumbo langu, mteja mmoja akanijibu kabla yako.

Kazini kwema. Makaratasi ni yale yale, mihuri ni ile ile. Mwambie baba kivuli bado kipo, na feni imetengenezwa.

Nimepokea picha ya mshono wa gauni nitakalovaa harusini. Zuri sana. Sikutegemea lingekuwa halina mikono kabisa, lakini ninyi ndio mnaojua mitindo.

Sasa kuna jambo dogo. Nina rafiki hapa ofisini, meza yake iko karibu na dirisha, jua linampiga upande mmoja tangu asubuhi. Matokeo yake mkono wa kulia umekuwa mweusi kuliko wa kushoto, na si weusi wa kufichika. Akiikutanisha mikono yake utadhani mmoja ameuazima. Hata shavu la kulia limeanza kufuata. Naye ana shughuli mwezi wa tano, anaona aibu. Nikamwambia nina shangazi ambaye amepamba maharusi miaka ishirini, hashindwi na ngozi. Afanye nini jua lisiendelee kumpaka rangi upande mmoja? Na ile dawa uliyokuwa ukichanganya mwenyewe zamani, ya kusawazisha ngozi, bado unayo? Kichupa kidogo tu kingemtosha.

Wasalimie wote, na baba zaidi.

Ni mimi, Chiriku wako.


19 Februari

Kwa Chiriku wangu,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imenikuta nimesimama, nikaisoma nimesimama, mteja akaungua sikio kidogo kwa pasi ya nywele. Nimemwambia akudai wewe.

Huku tu wazima. Goti la baba yako linatabiri mvua kuliko redio. Bwana harusi hajafua hata leso. Baba yako kila jioni anakaa barazani na majirani, na kila jioni lazima apitishe habari yako: binti yangu ni karani, anafanya kazi ya kivulini, hajui jua linatoka wapi. Majirani wameshaikariri, sasa wanammalizia sentensi.

Sasa huyo rafiki yako. Mwambie hivi. Jua halichagui aliyetoka nje na aliyekaa ndani. Watu hudhani wakifunga kioo wamejikinga, kumbe kioo kinazuia ukali tu, ule wa kuunguza. Ule wa kutia weusi unapita kama hauoni kitu. Kwa hiyo aweke pazia zito, na kama hawezi pazia, avae mikono mirefu ya kitambaa kilichoshikana. Kitambaa akikiinua kwenye mwanga na kuona upande wa pili, hicho si kinga.

Mahali pasipofunikwa, yaani viganja kwa nje, shingo, masikio, apake mafuta ya kukinga jua. Apake robo saa au nusu saa kabla ya kutoka, si akiwa ameshaanza kuiva. Asipake kwa kuonja. Wanawake wengi wanapaka tone moja wanalisambaza mpaka kwenye kiwiko, halafu wanasema mafuta hayafanyi kazi. Na arudie kila baada ya saa mbili, hasa kama anatoka jasho au ananawa. Kubwa kuliko yote, apake pande zote mbili sawa, hata ule mkono usiopigwa na jua. Kukosa mpangilio ndiko kunakoleta rangi mbili mbili. Na kuanzia saa nne mpaka saa kumi, kama anaweza kuhama kiti, ahame.

Weusi uliokwisha kuingia utapungua wenyewe ukifunikwa. Si wiki moja. Ni miezi. Ngozi haina haraka na harusi ya mtu. Na asije akapaka limau akatoka juani, ataungua alama ambayo hakuwa nayo.

Ile dawa siuzi tena.

Ila niulize. Dirisha la ofisi yenu ni la namna gani, mpaka linampiga mtu mkono na shavu la kulia tangu asubuhi mpaka jioni? Jua la dirisha ninalolijua mimi likifika mchana linahamia upande mwingine wa nyumba.

Nitumie vipimo vya gauni na picha yako mpya, fundi anataka aone mabega.

Shangazi yako.


10 Machi

Shangazi, shikamoo tena.

Mimi mzima, kazi nyingi. Nimechelewa kukujibu kwa sababu ya hesabu za mwisho wa mwezi. Mvua huku imetuonyesha kazi, tope lilifika mpaka kwenye ekseli.

Ushauri wako nimemfikishia rafiki yangu na anakushukuru. Mafuta amenunua. Mikono mirefu anavaa. Tatizo lake ni moja, hana subira. Alipiga hesabu ya miezi akaona harusi itapita, yaani shughuli yake itapita. Akapata akili nyingine. Akasema, kama mkono wa kulia hautaki kupanda, basi wa kushoto ushuke. Siku nne mfululizo saa ya chakula cha mchana akawa anaegesha, anakaa upande wa pili, anautoa mkono wa kushoto nje kwenye jua la saa saba, bila mafuta, mpaka anamaliza kula. Anakula kwa mkono mmoja huku wa pili anauchoma kama mahindi.

Unajua mwisho wake. Mkono wa kushoto haukuwa mweusi, ulikuwa mwekundu, ukamwasha usiku kucha, halafu ukabambuka. Sasa ana rangi tatu: kulia ni giza, kushoto juu ni ramani, na kwenye kifundo cha mkono kuna mkanda mweupe wa saa ambayo alisahau kuivua. Wenzake kazini wamempa jina la Bendera. Mimi mwenyewe nilicheka, lakini haichekeshi. Usiku anajifunika kanga mpaka shingoni hata kukiwa na joto, na chumbani yuko peke yake.

Shangazi, hiyo dawa hata kama huuzi, si unakumbuka mchanganyiko? Niandikie tu vitu gani na vipimo gani. Ataichanganya mwenyewe, lawama hutapata. Imebaki miezi miwili na kidogo.

Vipimo nimeviandika nyuma ya picha. Nisamehe sikuchangamka vizuri, mpiga picha alikuwa na haraka.

Chiriku.


28 Machi

Kwa binti wa kaka yangu,

Picha imefika. Sisi wazima.

Nimeiweka mezani pamoja na zile nyingine tatu ulizotuma ndani ya miaka hii miwili. Katika zote nne umesimama ubavu, bega la kushoto mbele, mkono wa kulia umejificha nyuma yako kama mtoto aliyeiba sukari. Mimi kazi yangu ni kuwasimamisha maharusi mbele ya kamera, mwanangu. Najua mtu akisimama hivyo anaficha nini.

Halafu ofisi gani mtu "anaegesha" ndipo anakula? Na ekseli ya karani iko wapi?

Katika hii picha mpya vidole vya mkono wa kulia vimechungulia kiunoni. Nilichukua miwani. Vimeiva mpaka kwenye kucha. Mkono huo naujua. Nimekula nao sahani moja, nimekua nao nyumba moja, umenivusha barabara nikienda shule. Huo ni mkono wa kaka yangu alipokuwa anaendesha.

Sijamwambia mtu. Niandikie mwenyewe.

Shangazi.


20 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nimeiandika barua hii mara tatu nikaichana. Hii ya nne sitaisoma tena, nitaifunga hivyo hivyo.

Hakuna rafiki. Bendera ni mimi.

Ukarani niliufanya miezi saba tu. Kampuni ilileta kompyuta, makarani watano tukabaki mmoja, na mmoja huyo hakuwa mimi. Bosi akauliza kama kuna anayejua gari, madereva walikuwa hawatoshi. Nikanyoosha mkono kabla sijafikiri. Unakumbuka nilivyokuwa mdogo, likizo nzima niko kwenye lori la baba, najua gia kwa kuisikia? Nikaenda chuo cha udereva, nikapata leseni, nikaanza na gari dogo la kusambaza vinywaji, sasa nina lori la magurudumu kumi. Kabini haina baridi. Ukifunga kioo unapikwa, ukikifungua unachomwa. Ndiyo maana mkono uko hivi.

Aibu yangu si kuendesha. Hili ndilo la kuchekesha, kazi naipenda. Naipenda kuliko nilivyowahi kupenda muhuri. Nikiwa barabarani asubuhi, mzigo umefungwa vizuri, turubai halipigi kelele, sitamani kuwa mtu mwingine. Lakini kila nikiutazama mkono huu naona siku ile ya shuleni, na wewe najua hujawahi kusimuliwa.

Nilikuwa kidato cha pili. Siku ya wazazi. Wazazi wa wenzangu walikuja wamevaa, wana manukato. Baba alikuja na lori moja kwa moja kutoka safarini, kwa sababu angeenda kwanza nyumbani kubadilisha nguo angechelewa. Alishuka getini na boksi langu la vitu begani. Mkono wa kulia na nusu ya uso vyeusi tii, nusu ya pili rangi yake. Wasichana wakaanza kucheka. Mmoja akasema, "Huyo kapikwa upande mmoja." Mwingine akaniuliza, "Huyo nani wako?"

Nikasema, "Dereva tu. Baba kamtuma aniletee vitu."

Alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, shangazi. Nilimwona amesikia. Akaliteremsha boksi polepole, akaliweka miguuni pangu, akasema kwa sauti ya heshima, kama mtu aliyetumwa kweli, "Mzigo wako huu, dada. Baba yako anakusalimia sana." Akarudi kwenye gari. Hata maji hakunywa.

Hatujawahi kulizungumza. Niliporudi likizo alinipokea kama kawaida, akaniletea hata chapati. Ila tangu hapo akawa anaiimba hii habari ya kazi ya kivulini. Sasa nitasimamaje mbele yake harusini na mkono ule ule? Atasema nini moyoni?

Kwa kuwa hukunipa dawa, nimenunua sokoni kwa mama mmoja. Kikopo hakina maandishi, lakini amenihakikishia wiki tatu mikono itakuwa sare. Nimeanza juzi. Usinikasirikie.

Mimi, ambaye hata jina la Chiriku leo halinifai.


27 Aprili

Mwanangu,

Nimeipeleka hii kwa basi badala ya posta ili ifike upesi. Ukiifungua, kabla hujasoma zaidi, nenda ukanawe mkono kwa maji mengi na sabuni laini, ukitupe kikopo, na usiende juani bila kuufunika. Nenda sasa. Barua itakusubiri.

Umerudi? Kaa.

Unamwona baba yako, tangu ukiwa sekondari hajavaa shati la mikono mifupi, hata siku za joto la kuvunja mawe. Mnajua ninyi watoto, na mtaa mzima unajua, kwamba chini ya shati kuna kovu la maji ya rejeta. Alifungua mfuniko injini ikiwa ya moto, maji yakamrukia. Hivyo ndivyo alivyosema. Rejeta haikumrukia mtu.

Jumapili moja alikuja saluni, wateja wameshaondoka. Hakukaa kwenye benchi la wageni, alikaa kwenye kiti cha maharusi, mbele ya kioo. Akauweka mkono wa kulia mezani kama mtu anayeuza samaki, akasema, "Nisawazishie huu ufanane na mwenzake. Na shavu kama utaweza." Nikacheka. Nikamwuliza, kaka, unaoa tena? Hakucheka. Akasema, "Mtoto anaona haya." Hayo tu. Hakusema ulisema nini wala wapi. Nimeyajua leo, kwenye barua yako, miaka kumi na mitatu baadaye.

Nikampa ile dawa yangu. Wewe unaiita dawa, jina lake ni mkorogo. Kazi yake ni kuichubua ngozi ya juu, na ngozi iliyochubuliwa haina ngao tena. Mtu wa ndani ataharibika taratibu. Mtu anayeutoa mkono dirishani kutwa nzima anaharibika wiki hiyo hiyo. Aliupaka siku sita, na siku zote sita aliendesha. Siku ya saba malengelenge yalimtoka kuanzia kiwiko mpaka vidoleni. Yalipopasuka yaliacha mabaka, meupe hapa, meusi kule, na hayajaondoka mpaka leo. Shavu alikuwa hajaanza. Namshukuru Mungu kwa hilo shavu kila siku.

Sasa sikiliza aibu yangu, maana yako nimeshaisikia. Nilikuwa najua. Wiki mbili kabla yake, mteja mmoja, mwalimu, alirudi uso umemvimba, nikamwambia kwa ukali kwamba hakufuata masharti. Nilijua moyoni kwamba alifuata. Kaka yangu alipokuja ningeweza kumwambia, hapana, hii inaunguza. Lakini kumwambia hivyo ni kukiri kwamba ninachouza kinaunguza, na kibao cha kuitangaza kilikuwa kimeandikwa mlangoni kwa herufi kubwa. Nikaona haya kukiri mbele ya kaka yangu mwenyewe. Nikampa kichupa na kumwambia apake asubuhi na jioni.

Watu walipokuja kumjulia hali, akasema rejeta. Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Akanitazama mara moja tu, akaendelea na hadithi ya rejeta, na mimi nikatikisa kichwa, nikasema, ndiyo, magari ya siku hizi hayaaminiki. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu. Alinifichia mimi, na alikufichia wewe, na sote wawili tukamwachia ajifunike shati.

Kibao nilikishusha mwezi ule. Msamaha sijaomba.

Fundi hajakata kitambaa chako. Nikimwambia aweke mikono mirefu, ataweka, na hakuna atakayeuliza. Au nikupake poda ya maharusi kuanzia bega mpaka kidole, nitakusawazisha hata mama yako asijue. Naweza. Amua wewe, mimi nimeshaamulia watu vya kutosha.

Shangazi yako.


9 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Barua ilichelewa ofisi ya mabasi, nilikuwa safarini siku nane. Kikopo nimekitupa. Nilikuwa nimeshapaka usiku mara nyingi kuliko nilivyotaka ujue. Kwenye kifundo, pale palipokuwa na mkanda wa saa, pametoka baka la ukubwa wa kifungo, linawasha. Daktari ameniandikia dawa na kunigombeza. Amesema huenda likafutika, huenda lisifutike.

Sijakukasirikia. Nimejaribu siku mbili, nimeshindwa. Kila nikianza, nalisikia lile boksi likitua chini.

Mwambie fundi akate gauni lilivyo kwenye picha. Poda usilete.

Nitakuja na mzigo wa simenti wa upande huo, nitaegesha kituo cha mafuta nje ya mji.

Chiriku.


1 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa uchovu. Nimefika salama juzi. Najua harusi umeiona kwa macho yako, sina haja ya kukusimulia jinsi bwana harusi alivyokanyaga shela. Nakuandikia yale ambayo hukuyaona.

Kwanza, nilikuona. Asubuhi ya harusi, nilipoingia jikoni kutafuta pini, ulikuwa umemkalisha baba kwenye kigoda, umemkunjia shati mpaka begani, unampaka mafuta ya kukinga jua kwenye lile kovu, taratibu, kidole kwa kidole. Macho yako yalikuwa mekundu na yake yalikuwa yanatazama ukutani. Nikarudi nyuma bila pini. Sitakuuliza mlisemezana nini kabla ya hapo.

Mimi siku nzima nilizunguka na mikono yangu wazi na kila mtu akaiona. Binamu zangu waliuliza, nikawajibu: naendesha lori. Wawili walicheka, mmoja akataka kujua kama kuna nafasi. Baba aliiona nilipompelekea sahani. Aliutazama mkono wa kulia, akautazama wa kushoto, akatazama lile baka la kifundoni muda mrefu. Akapokea chakula, akasema ahsante. Basi. Shangazi, nilitamani anipige kofi.

Kesho yake nilipotoka na begi langu nikamkuta getini, amevaa viatu. Akaniuliza, "Gari liko wapi?"

Nikasema, "Gari gani, baba?"

"Mkono huo haukuja na basi."

Tulitembea mpaka kituo cha mafuta, goti lake na yote, hataki nimshike. Alilizunguka lori mara mbili. Alipiga matairi teke, akachungulia chini, akakaza kamba moja ya turubai ambayo naapa ilikuwa imekaza. Kisha akafungua mlango wa kushoto akapanda, akasema nimfikishe kwenye mizani ya malori, atarudi kwa basi.

Sikuwasha gari. Nikamwambia, "Baba, ile siku ya shuleni." Nikashindwa kuendelea. Nililia vibaya, kichwa kwenye usukani, honi ikapiga, watu wa kituo wakageuka. Akangoja nimalize. Akasema, "Hukusema uongo. Nilikuwa dereva."

Nikasema, "Nilikuwa na dereva aliyenileta duniani, na nikasema katumwa."

"Ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa na miaka kumi na minne."

Akafikiri. "Ndiyo," akasema, "ilikuwa miaka ya kutosha." Hakunipunguzia, na nafikiri alifanya vyema. Halafu akasema, "Mimi nilitaka ukae kivulini usije ukachekwa. Sikujua unalipenda jua." Akaniambia niwashe, mzigo haujilipi.

Njiani aliniambia dereva akibadilisha gia mapema mlimani anaua injini. Mara mbili alifunga breki kwa mguu ambao hauna pedali. Tulipopita zile mashine za kokoto, akakunja shati mikono yote miwili, na ule wa kushoto, mzima usio na doa, akautoa nje ya dirisha. Nikamwuliza anafanya nini. "Nausawazisha. Huu umekaa bure maisha yake yote." Tulicheka wote wawili. Nikadhani yameisha.

Tukafika kwenye mizani. Karani wa pale, kijana wa shati jeupe, tai, kalamu mbili mfukoni, akapanda ngazi ya kabini kuchukua karatasi. Akamwona mzee wa upande wa pili, shati limekunjwa mikono yote miwili, mabaka yote nje. Akaniuliza, "Huyo nani wako?"

Maneno yale yale, shangazi. Na nilikuwa na jibu, nilikuwa nalo mdomoni tangu kidato cha pili. Lakini nilichelewa. Si muda mrefu, labda kama wa kumeza mate mara moja. Niliitazama ile kola nyeupe na zile kalamu mbili, na ile aibu niliyodhani nimeitupa pamoja na kikopo ikarudi. Ndipo nikasema, "Ni baba yangu. Amenifundisha kazi hii."

Karani akagonga muhuri, akashuka. Baba alikuwa anatazama nje, mkono bado uko dirishani. Nilichelewa, na alisikia kuchelewa kwangu kama alivyosikia jibu. Sikujua nimtazame au nitazame barabara.

Akafungua mlango, akashuka na goti lake, akasimama chini akiniangalia kwa macho yaliyofinywa na jua. Nilingoja aseme neno juu ya hilo.

Akasema, "Paka mafuta yako, mama. Saa nne hii."

Chiriku wako.